"Usiendeshe Mitambo": Onyo Linalobaki Dukani

Katika maduka mengi ya dawa hapa nchini, kidonge cha mafua hakimfikii mtumiaji kikiwa ndani ya kasha lake. Mtoa dawa hufungua kopo la vidonge 1,000, huhesabu kumi, huvitia katika bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake "1x3". Mteja hulipa na kuondoka. Maana ya alama hizo anaifahamu: kimoja, mara tatu kwa siku. Asichokifahamu ni kwamba ubavuni mwa kopo lililobaki rafuni yapo maneno mengine, ya herufi ndogo na aghalabu ya Kiingereza, yanayoonya kuwa dawa hiyo huleta usingizi na kwamba anayeitumia asiendeshe gari wala mitambo.

Makala haya yanahusu onyo hilo. Tumeona vyema kulieleza kwa kirefu kwa sababu ni miongoni mwa maonyo yanayosomwa na wachache, na hata wanaolisoma wengi huliona kuwa linawahusu watu wengine: wenye kuendesha winchi bandarini, au katapila kwenye ujenzi wa barabara. Mtu anayesaga mahindi mtaani haoni kwamba ametajwa.

Tuseme basi yuko kijana anayeendesha mashine ya kusaga. Vumbi la unga limemkaa puani wiki nzima, anapiga chafya, macho yanamtoka machozi. Mchana anapita dukani, ananunua vidonge vya mafua, anameza kimoja na kurudi kazini. Ikifika saa 9 alasiri foleni ya wateja imekuwa ndefu, na mkanda unaounganisha injini na kinu umeanza kuteleza. Mkanda huo si wa kufanyiwa mzaha. Puli yenye kipenyo cha sentimita 20, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, husukuma mkanda zaidi ya mita 15 kwa sekunde moja. Kijana huyu ameuzoea. Kila siku huurudisha mahali pake kwa kipande cha mti bila kuzima injini, jambo ambalo halifai hata kwa mtu mzima wa afya. Leo, hata hivyo, mkono wake unachelewa kidogo kurudi nyuma. Kuchelewa huko kwaweza kuwa robo ya sekunde tu, na ndani ya robo ya sekunde mkanda umekwisha kupita karibu mita nne, pamoja na chochote kilichonaswa nao.

Mitambo inayotajwa ni ipi?

Neno "mitambo" limewapotosha wengi, na pengine sisi wenye kuandika maonyo haya tunastahili sehemu ya lawama. Karatasi nyingine za maelezo husema "mitambo mikubwa", kana kwamba midogo ina huruma zaidi. Kwa kweli ukubwa si kipimo. Msumeno wa mviringo wa kupasulia mbao waweza kutoshea juu ya meza, lakini hukata kidole kwa urahisi uleule unaokata mninga.

Kipimo tunachopendekeza ni swali moja: ukisinzia kwa sekunde mbili, je, kifaa hicho kitakungoja? Cherehani ya kukanyaga kwa miguu hukungoja, kwa kuwa miguu ikisimama nayo husimama. Cherehani ya umeme haikungoji. Jembe la mkono hukungoja. Trekta halikungoji, wala mashine ya kukoboa mpunga, ya kukamua alizeti, ya kuchanganya zege au ya kupasua mawe ya dhahabu. Mashine ya kuinulia mizigo ghalani haikungoji, na mbaya zaidi, haimngoji kuli anayepita nyuma yake. Ngazi haina injini, lakini fundi umeme aliyepanda nguzo naye hana nafasi ya kusinzia, kwa hiyo onyo linamhusu hata kama hakutajwa.

Pikipiki na magari tunayaacha kando hapa, si kwa kuwa ni salama zaidi, bali kwa kuwa kila mtu anakubali kwamba dereva hapaswi kusinzia. Tutosheke kusema kwamba lori likienda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 kwa kila sekunde ambayo dereva wake hayupo kimawazo.

Kwa nini dawa ya mafua ilete usingizi?

Mtu anapopatwa na mzio, mwili humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayofanya pua ichuruzike, macho yawashe na ngozi itoke vipele. Dawa za mzio hufanya kazi kwa kuizuia histamini isifike mahali inapokusudia kufika. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba histamini ina kazi nyingine ndani ya ubongo: ni mmoja wa wajumbe wanaotufanya tukae macho. Dawa za zamani za kundi hili hupenya na kuingia ubongoni, zikamzuia mjumbe huyo pia. Pua inakauka, na ubongo unaanza kufunga milango.

Dawa ya zamani inayojulikana zaidi nchini ni klofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton hata inapotengenezwa na kiwanda kingine kabisa. Nyingine ni prometazini na difenhidramini, inayopatikana katika dawa kadhaa za kikohozi za maji. Zipo pia za kizazi kipya, kama loratadini na setirizini, ambazo hupenya ubongoni kwa kiasi kidogo sana. Setirizini huwaletea usingizi baadhi ya watu. Loratadini ni nadra zaidi. Majina haya tumeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye kasha utayakuta kwa tahajia ya kimataifa, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Wengi huuliza: nikimeza usiku, si nitakuwa mzima asubuhi? Kumeza usiku kunasaidia, na kwa dawa nyingi ndio ushauri wenyewe. Hata hivyo, hesabu ya mwili haiendi kama hesabu ya saa ya ukutani. Kwa watu wazima wengi, mwili huhitaji takriban saa 20 kuondoa nusu ya klofeniramini iliyokuwamo katika damu. Aliyemeza saa 3 usiku na kuingia zamu saa 12 asubuhi bado anayo zaidi ya nusu. Usingizi wenyewe hupungua mapema kuliko dawa inavyokwisha, na ndiyo maana mtu huamka akidhani yu mzima. Akimeza tena asubuhi na mchana, kipya kinajiunga na cha zamani. Kwa diazepamu, inayotolewa kwa wasiwasi mkubwa au kukaza kwa misuli, hali ni nzito zaidi: ikivunjwa mwilini huzaa kemikali nyingine ambayo nayo hufanya kazi, na athari zake huweza kuendelea kwa siku kadhaa, hasa kwa wazee.

Anayesinzia si hakimu mzuri

Kila tunapolizungumzia onyo hili tunasikia jibu moja: "Mimi dawa hiyo hainilevyi." Huenda ni kweli. Lakini pia huenda si kweli, na msemaji hana njia ya kujua.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa madereva 40 wenye mzio. Kila dereva aliendesha gari katika mashine ya kuigizia safari, isiyoweza kumuua mtu, kwa nyakati nne tofauti: akiwa amekunywa pombe, akiwa amepewa miligramu 50 za difenhidramini, akiwa amepewa dawa mpya ya mzio, na akiwa amepewa kidonge kisicho na dawa ndani. Walioharibu zaidi uendeshaji hawakuwa waliokunywa pombe. Walikuwa waliomeza difenhidramini. Jambo la pili ndilo lililotufanya tulitaje jaribio hili: watafiti waliwauliza madereva wanajisikia usingizi kiasi gani, na majibu yao hayakuonyesha vyema nani angeendesha vibaya. Wapo waliojiona wazima na mikono yao ikasema vingine.

Si ajabu. Chombo tunachokitumia kupima kama tumechoka ni ubongo, na dawa imekwisha kukigusa chombo hicho. Pia kusinzia kwa sekunde mbili au tatu hakuachi kumbukumbu. Mtu hufumba na kufumbua, na kwake muda haukupita. Kikombe cha kahawa chungu humfanya ajihisi macho kwa muda, lakini hakiiondoi dawa mwilini.

Dawa nyingine zenye onyo hili

Tumeanza na mafua kwa sababu ndiyo yanayomkuta kila mtu, na kwa sababu dawa zake hununuliwa bila cheti cha daktari. Zipo nyingine. Dawa za maumivu makali kama tramado, na za kikohozi zenye kodeini, hupunguza wepesi wa akili. Vidonge vya kuzuia kutapika safarini navyo huleta usingizi, ndiyo maana abiria huvipenda. Amitriptilini, inayotolewa kwa sonona, maumivu ya mishipa ya fahamu na kuzuia kipandauso, hutolewa usiku kwa sababu hiyohiyo. Dawa za kifafa kama fenobabito na kabamazepini huwasumbua wengi katika wiki za mwanzo, kabla mwili haujazizoea, na tena kila dozi inapoongezwa.

Dawa mseto ya malaria, yaani ALu, nayo yaweza kuleta kizunguzungu na uchovu, na maelezo ya watengenezaji husema kwamba anayepatwa na hali hiyo asiendeshe gari wala mashine. Jambo hili halijulikani sana, pengine kwa sababu mgonjwa wa malaria huwa amekwisha kulala kitandani. Ila wapo wanaopata nafuu siku ya pili na kurudi kazini wakiwa bado katikati ya dozi. Tunaomba lisieleweke vibaya: dozi zote 6 za siku 3 lazima zimalizwe. Kinachoweza kuahirishwa ni mashine.

Madhara mengine hayahusu usingizi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, akikosa chakula cha mchana, sukari yake yaweza kushuka hadi akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa akiwa ameshika usukani wa greda. Matone ya kupanua mboni, anayotiwa mtu kliniki ya macho, huacha ukungu kwa saa kadhaa. Yaliyo na atropini huweza kuacha ukungu kwa siku nyingi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humtia mtu kizunguzungu anapoinuka ghafla, na mwendesha winchi huinuka ghafla na kushuka ngazi ndefu kila siku. Aliyefanyiwa upasuaji mdogo kwa dawa ya usingizi na kuruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyohiyo asiguse mashine kwa saa 24, hata akijiona ameamka kabisa.

Pombe haina haja ya maelezo marefu. Ikikutana na takriban kila dawa ya usingizi tuliyoitaja, haziongezeki tu. Kila moja huisaidia nyenzake. Bia mbili zilizokuwa hazimfanyi mtu kitu wiki iliyopita siyo bia mbili zilezile leo.

Lakini kosa tunalohofia kuliko yote halihusu pombe. Ni lile la kumeza dawa moja kwa majina matatu bila kujua. Vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa kwa majina ya kibiashara ni mchanganyiko: parasetamo ya maumivu, dawa ya kuzibua pua, wakati mwingine kafeini, na klofeniramini ndani yake. Mgonjwa hununua hivyo kwa ajili ya mafua, ananunua dawa ya maji kwa ajili ya kikohozi, ambayo nayo ina dawa ya mzio ya zamani, na jirani anampa vidonge viwili vya "Piriton" kwa kuwa anawashwa. Amemeza kundi moja la dawa mara tatu, na hakuna aliyemdanganya. Kila bahasha peke yake imeandikwa sawasawa. Ndiyo sababu tunamsihi mtumiaji asome, au asomewe, orodha ya viambato na si jina kubwa la mbele tu. Orodha hiyo itamwonyesha pia parasetamo iliyojirudia, ambayo ni hatari ya aina nyingine.

Wanaoletewa dawa na ndugu walio Ulaya watakutana na alama ambayo sisi hatuitumii. Ufaransa huchapa kwenye makasha pembetatu yenye picha ya gari kwa ngazi tatu: ya njano humtaka mtumiaji awe mwangalifu na asome maelezo, ya rangi ya chungwa humtaka apate ushauri wa mtaalamu kabla ya kushika usukani, na nyekundu humkataza kuendesha. Picha ni ya gari, lakini mwenye msumeno naye achukulie kuwa ni yake.

Neno moja la kumwambia mtoa dawa

Maadamu onyo hubaki kwenye kopo, njia iliyo karibu zaidi ya kulifikia ni kinywa cha anayelishika kopo. Naye hawezi kujua kazi ya mteja kwa kumtazama. Mazungumzo ya kawaida dukani huwa hivi:

"Dada, habari za kazi. Naomba dawa ya mafua."

"Nzuri, kaka. Yamekuanza lini?"

"Jana."

"Shilingi mia tano. Kimoja mara tatu."

Hakuna aliyekosa adabu wala aliyekosa utaalamu. Sasa liongezwe neno moja:

"Dada, mimi naendesha mashine ya mbao, na leo naingia zamu ya mchana."

Mazungumzo yamekwisha kubadilika. Mtoa dawa aliyefunzwa atajua kwamba ziko dawa za mzio zisizoleta usingizi sana, na atasema bei yake, ambayo mara nyingi ni kubwa kidogo. Atajua pia kwamba mafua mengi ya kawaida hayahitaji dawa ya mzio kabisa, na kwamba parasetamo, maji ya kutosha na kujifukiza mvuke huweza kumfikisha mtu mwisho wa wiki. Akisisitiza kwamba hakuna tofauti, au akionekana hajui, mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa kopo. Tunatamka neno haki kwa makusudi. Kuomba kusoma maandishi ya dawa unayoilipia si ukaidi.

Mwulize mambo haya: dawa hii inaleta usingizi au kizunguzungu? Imo pia katika dawa nyingine ninazotumia? Nimeze saa ngapi kulingana na zamu yangu? Kisha mwombe aandike "inaleta usingizi" kwenye bahasha, chini ya ile "1x3". Maneno mawili hayo huchukua sekunde tano, na nyumbani yatamsaidia hata mwingine atakayeikuta bahasha juu ya kabati.

Kwa dawa yoyote mpya iliyo na onyo, ni busara kuianza jioni ya kuamkia siku ya mapumziko. Siku hiyo utaona mwili wako unaipokeaje bila mkanda wala msumeno karibu. Hata usipohisi lolote, kumbuka yaliyowakuta madereva wa Iowa, na siku mbili tatu za mwanzo ujiweke mbali na mashine kadiri inavyowezekana.

Jambo moja hatutaki lichukuliwe kutoka katika makala haya. Mwenye kifafa, kisukari, shinikizo la damu au sonona asije akaacha dawa yake ili aendelee kuendesha mashine. Kuacha ghafla dawa ya kifafa kwaweza kuleta degedege siku hiyohiyo, na degedege mbele ya msumeno ni baya kuliko usingizi. Dawa zenyewe zaweza kubadilishwa, kupunguzwa au kuhamishiwa wakati mwingine wa siku, lakini hilo ni la daktari aliyeziandika, na yeye pia huhitaji kuambiwa kazi ya mgonjwa. Wengi hawaulizi. Mwambie.

Kazini

Tunajua kwamba ushauri wetu una gharama. Kibarua anayelipwa kwa siku, akisema leo sishiki mashine, huenda leo asilipwe. Hatuwezi kuliondoa tatizo hilo kwa kijitabu, na tusingependa kujifanya kwamba haliko. Tunachoweza ni kueleza msimamo wa sheria na njia ambazo hazimgharimu mtu siku nzima.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama kwa wafanyakazi wake, na inamtaka mfanyakazi naye achukue hadhari juu ya usalama wake na wa wengine wanaoweza kudhurika kwa anayoyafanya au kuacha kuyafanya. Kwa hiyo mfanyakazi anayemweleza msimamizi kwamba ametumia dawa ya usingizi anatimiza wajibu wake. Hana haja ya kutaja maradhi. Yatosha kusema: "Mkuu, dawa ninayotumia hadi Alhamisi inaleta usingizi, naomba nisikae kwenye msumeno." Maradhi yake ni siri yake na daktari, usingizi ndio unaomhusu msimamizi.

Msimamizi mwenye akili hatamrudisha nyumbani. Kwenye karakana ya mbao ipo kazi ya kupanga na kuhesabu vipande. Kwenye kinu yupo anayepima na kupokea fedha. Ghalani yupo anayeandika hati za mizigo. Kubadilishana nafasi kwa siku tatu ni nafuu kuliko kusimamisha kazi kwa ajali. Wenye mashine moja na mfanyakazi mmoja, ambao ndio wengi mitaani, hawana wa kubadilishana naye. Kwao tunasema haya: injini izimwe kabla ya kugusa mkanda, kila mara, bila kujali urefu wa foleni, kikinga cha mkanda kirudishwe mahali pake kama kiliondolewa, nguo zilizolegea na kanga zikae mbali, na siku ya dawa mashine ifungwe mapema, kabla ya alasiri, wakati ambapo hata asiyemeza kitu mwili wake huelemewa na usingizi.

Dalili zikianza mtu akiwa tayari kazini, yaani kope nzito, kupiga miayo mfululizo, kuona ukungu, kusahau hatua aliyoifanya sasa hivi, asijaribu kumaliza kazi iliyo mkononi. Azime, asogee, amwambie mwenzake. Kuosha uso hakutoshi. Mwenye kisukari apewe kitu chenye sukari mara moja, kama soda ya kawaida au chai ya sukari nyingi, wala asiachwe peke yake.

Kama madhara yametokea

Dawa ikikuletea usingizi mzito kuliko ulivyotarajia, au ikiwa imechangia ajali au kukosakosa ajali, tunaomba tujulishwe. Taarifa za watumiaji ndizo zinazotuonyesha dawa ipi inahitaji onyo kubwa zaidi, na onyo gani halifiki. Fomu za taarifa za madhara ya dawa hupatikana katika hospitali na vituo vya afya, na mtumiaji anaweza kuijaza mwenyewe au kwa msaada wa mhudumu wa afya. Tutahitaji jina la dawa, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo au kasha, saa uliyomeza, saa tatizo lilipotokea, dawa nyingine ulizotumia siku hiyo na mashine uliyokuwa ukiiendesha. Kama ulipewa vidonge katika bahasha isiyo na namba hiyo, usiitupe bahasha. Rudi nayo dukani ulikonunua na uombe namba isomwe kwenye kopo kabla halijaisha.